Inteki ya hewa baridi kwenye gari la turbo: nguvu inaongezeka au tunanunua mlio?

#1 KijanaWaNtinda (Kampala)
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulichambue hili kwa namba.

Gari ni Subaru Forester SG5 XT ya Japani, injini EJ205, turbo TD04, farasi 220 za kiwandani. Boksi la ekilina (boksi la filta ya hewa) ni la asili. Pale soko la vipuri la Kisekka wanauza seti wanayoiita inteki ya hewa baridi: bomba la aluminiamu, filta ya koni, mipira miwili ya silikoni na klipu nne. Muuzaji anaahidi farasi 15 bila kugusa kitu kingine. Makanika anapinga. Anasema kwenye turbo joto la hewa inayoingia halina maana, kwa kuwa turbo lenyewe linaichemsha hewa na kazi ya kuipoza ni ya intakula.

Nani ana hoja kati yao? Mwenye vipimo atuwekee.

#2 FundiWaNdeeba (Kampala)
Ndugu, hiyo seti si inteki ya hewa baridi. Inteki ya hewa baridi mdomo wake unakaa nje ya joto la injini: nyuma ya bampa, ndani ya fenda, au mbele ya rediata. Unayoonyeshwa ni koni iliyo wazi ndani ya boneti. Kwenye Subaru boksi la ekilina liko mbele kulia, turbo liko nyuma kulia. Ukilitoa boksi, koni inabaki inatazamana na turbo. Jamu ya Jinja Road jioni, koni hiyo inavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rediata.

Boksi la asili tayari linavuta hewa baridi. Fungua boneti utaona pua ya plastiki juu ya rediata, inavuta nyuma ya grili. Hakikisha ipo, maana gari nyingi zilizogongwa mbele zimerudishwa barabarani bila hiyo pua na mwenye gari hajui. Kuitafuta ya mtumba ni kazi ndogo kuliko kununua seti.

#3 JZ_Busia (Busia)
Kuhusu joto nakubaliana na Fundi. Lakini faida ya koni kwenye turbo haiko kwenye ubaridi, iko kwenye upenyo. Turbo ni pampu. Ukilipunguzia kazi ya kuvuta, linaamka mapema. Kwenye 1JZ-GTE ya VVT-i, injini ya turbo ya Toyota, unaliona kwenye geji ya busti (presha inayotengenezwa na turbo) kabisa: sindano inapanda kabla ya pale ilipozoea kupanda. Na injini hiyo haina sensa ya MAF (ya kupima hewa inayoingia) ya kuchanganyikiwa, inasoma presha ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda. Kwa hiyo msiseme "gari za turbo" kwa ujumla, semeni Subaru.

#4 Mzee_Kipimo (Jinja)
Salaam. Makanika wa mleta uzi amesema nusu ya ukweli. Tupige hesabu ya nusu iliyobaki.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama kilopaskali 88. Tuseme busti ni kilopaskali 80. Uwiano wa presha kwenye turbo ni 168 kugawanya kwa 88, yaani 1.91. Kompresa (upande wa turbo unaobana hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70, ikivuta hewa ya nyuzi 27, inaitoa ikiwa na nyuzi 113 hivi. Ikivuta hewa ya nyuzi 47 inaitoa ikiwa na 139. Mnaona kwamba tofauti ya nyuzi 20 mlangoni imekuwa 26 kwenye kutoka. Turbo haliufuti moto wa mwanzo, linauzidisha.

Sasa intakula. Ikiwa inaondoa asilimia 70 ya tofauti kati ya hewa ya turbo na hewa ya nje, ile ya kwanza inaingia kwenye manifoldi na nyuzi 53, ya pili na nyuzi 61. Zimebaki nyuzi 8 tu. Kwa uzito wa hewa hiyo ni asilimia 2.3. Kwenye farasi 220 ni kama farasi 5.

Kwa hiyo makanika anaposema joto halina maana, amezidisha. Anayeuza farasi 15 naye amezidisha zaidi, tena kwa upande usiofaa, maana koni ya ndani ya boneti inaondoa hizo 5 badala ya kuziongeza.

#5 Dada_Oktani (Entebbe)
Mzee Kipimo, shikamoo. Hesabu yako imeihurumia sana intakula ya Subaru. Imelala juu ya injini, inapata hewa kupitia tundu la boneti, na gari likisimama haipati kitu. Baada ya dakika kumi za kusukumana Wandegeya ile chuma yenyewe imechemka. Hapo huwezi kuipa asilimia 70, na zile nyuzi 20 za mlangoni zinakuja karibu zote hadi kwenye silinda.

Halafu umehesabu uzito wa hewa peke yake, hujahesabu kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Gari hizi za Japani ziliwekwa taimingi (wakati wa cheche ya plagi) kwa petroli ya haioku, karibu oktani 100. Hapa tunazilisha petroli ya kawaida ya kituo. Zinaishi kwenye ukingo wa kugonga muda wote, na hapo ndipo nyuzi 8 zinapolipa au kukugharimu. Kompyuta ya Subaru ina namba inaitwa IAM. Kwenye zile za biti 16 kamili ni 16, kwenye za biti 32 kamili ni 1.0. Injini ikigonga, namba inashuka, na taimingi inashuka nayo. Kompyuta nyingi zinapunguza na busti. Farasi unazozipoteza hapo ni nyingi kuliko 5 za Mzee.

Nafasi yangu: hewa baridi hairudishi nguvu kwa sababu ni nzito. Inairudisha kwa sababu inaiacha kompyuta itumie taimingi yake yote.

#6 KijanaWaNtinda
Dada, marahaba ya Mzee iko njiani. IAM naisomaje? Kile kidude cha bluutuuthi nilichonacho hakisomi gari hili kabisa.

#7 Dada_Oktani
Hakitasoma. Subaru za Japani za miaka ile zinaongea lugha yao wenyewe ya SSM. Tafuta waya wa KKL wa kuchomeka kwenye plagi ya uchunguzi chini ya usukani, kompyuta ya mkononi, na programu ya RomRaider au FreeSSM, zote za bure. Rekodi vitu sita: mizunguko, joto la hewa inayoingia, MAF kwa gramu kwa sekunde, IAM, marekebisho ya kugonga, na marekebisho ya muda mrefu ya petroli. Usirekodi vitu ishirini, mawasiliano ya gari hizo ni ya polepole na utapata nukta mbili kwa sekunde.

#8 Pwani_Boxer (Mombasa)
Jirani zangu wa Uganda, mimi nadhani huko juu kwenu mjadala huu hauna uzito. Hewa ya Kampala ni nyepesi, inapita kwenye boksi la asili kirahisi kuliko yetu ya pwani. Kizuizi kidogo, faida ndogo.

#9 Mzee_Kipimo
@Dada_Oktani marahaba. @Pwani_Boxer, ni kinyume chake. Kompyuta inadai gramu zilezile za hewa ili itimize busti yake. Hewa ikiwa nyepesi, gramu hizo zinachukua nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo zinapita kwenye bomba kwa kasi zaidi. Upotevu wa presha kwenye boksi unaongezeka kwa uwiano wa 101 kwa 88, karibu asilimia 15. Boksi linalokula kilopaskali 2.6 Mombasa linakula 3 Kampala, na Kabale kwenye mita 2,000 linakula zaidi.

Ila hata hizo 3 tuzipime kwa haki. Presha mlangoni ikishuka kutoka 88 hadi 85, uwiano unapanda kutoka 1.91 hadi 1.98. Joto la kutoka linaongezeka nyuzi 5, na baada ya intakula ni nyuzi moja na nusu. Busti inabaki ileile, kwa sababu solenoidi (valvu ya umeme ya busti) inaifunga westigeti, mlango unaoruhusu ekzosi kulikwepa turbo, kidogo zaidi. Ndiyo maana kwenye gari la kiwandani kuondoa kizuizi chote hakuonekani kwenye nguvu ya juu. Kunaonekana pale turbo lilipofika mwisho wa uwezo wake, na TD04 inafika huko kwenye mizunguko ya juu.

#10 JZ_Busia
Mzee mwenyewe amekiri turbo linafanya kazi zaidi likivuta kwa shida. Basi kuamka mapema ninakosema ni hukohuko.

#11 Mzee_Kipimo
Kuamka mapema kunatokea kwenye mizunguko 2,500, na hapo hewa inayopita ni kidogo. Kizuizi kinakua kwa mraba wa mtiririko. Nusu ya mtiririko, robo ya kizuizi. Sasa hiyo robo ya kilopaskali 3 ndiyo iamshe turbo? Naiona ndogo mno. Geji yako inaweza kuwa inaonyesha kitu kingine.

#12 JZ_Busia
Geji inaonyesha inachoonyesha, Mzee. Hesabu ikipingana na sindano, mimi natazama sindano.

#13 FundiWaNdeeba
Kabla hamjagawana, kuna sababu ya tatu ya watu kuhisi nguvu kwenye Subaru, na ndiyo inayoua injini. Ni MAF.

Sensa ya MAF ni waya wa moto ndani ya bomba. Haipimi hewa yote, inapima kipande kinachopita kwenye waya, na kompyuta inazidisha kwa ukubwa wa bomba inaoujua. Tuseme bomba la asili lina kipenyo cha ndani milimita 65 na la seti lina 70. Eneo limeongezeka asilimia 16. Kompyuta inaona hewa pungufu kwa karibu asilimia 14 na inapunguza petroli. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inagundua na kurudisha, utaona marekebisho ya petroli yanapanda hadi jumlisha asilimia 12, jumlisha 15. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho sensa hiyo haisikilizwi tena. Uwiano wa hewa kwa petroli uliokuwa 11 unakwenda kwenye 12 na nusu au zaidi.

Subaru ya kiwandani inamwaga petroli nyingi makusudi ili kupoza. Ukiikausha kidogo inaamka, inavuta vizuri, mwenye gari anafurahi na kusema inteki imefanya kazi. Isitoshe, kompyuta ikidhani hewa ni kidogo inadhani na mzigo ni mdogo, kwa hiyo inasogeza taimingi mbele. Petroli pungufu, taimingi mbele, oktani ndogo. Pistoni za EJ zinavunjika kwenye kingo zinazoshika ringi. Silinda moja inapoteza kompresheni, na injini inaanza kutetemeka ikinguruma mahali pamoja.

Kwa hiyo ukiona farasi 10 kwenye EJ baada ya kufunga bomba, pima uwiano wa petroli kwanza kwa kipimo cha waidibendi. Uwezekano mkubwa farasi hao wametoka kwenye petroli iliyokatwa, joto halihusiki.

#14 Spana10 (Mbarara)
Naunga mkono #13, naongeza na kurekebisha.

Kuongeza: si kipenyo tu. MAF inataka hewa iliyonyooka. Ikiwekwa mara baada ya kona, hewa inakuja imepinda na usomaji unarukaruka. Dalili ni mizunguko kupanda na kushuka yenyewe gari likisimama. Acha bomba lililonyooka kabla ya sensa, angalau mara tatu ya kipenyo, na weka ile nyavu ya kunyoosha hewa kama ya asili ilikuwa nayo.

Kurekebisha: msije mkadhani kila MAF ni waya wa moto. Mitsubishi Evo za injini ya 4G63 hadi ya 9 zinatumia sensa ya Karman, inahesabu mizunguko midogo ya hewa inayotokea nyuma ya kizuizi. Kwenye hizo kipenyo cha bomba baada ya sensa hakidanganyi hesabu. Kinachoharibu ni koni iliyobanwa vibaya mbele ya sensa.

Na kwenye seti za bei ndogo hesabuni matundu. Bomba la Subaru kati ya MAF na turbo linapokea mipira kadhaa: hewa ya kupumua ya injini, hewa inayorudi kutoka valvu ya intakula, na mpira mwembamba wa solenoidi ya busti. Seti ikikosa tundu, fundi wa haraka anauacha mpira unaning'inia. Tundu lililo wazi baada ya MAF linaingiza hewa isiyopimwa na isiyochujwa. Valvu ikiachwa itoe hewa nje badala ya kuirudisha, kompyuta inabaki imeshapima hewa ambayo haipo, na kila ukibadilisha gia petroli inazidi na moshi mweusi unatoka.

#15 Vumbi_Jekundu (Moroto)
Mnajadili farasi 5 wakati filta yenyewe inaingiza mchanga. Vumbi la barabara zetu za murramu lina silika, ngumu kuliko chuma cha ringi. Filta ya karatasi ya asili inashika chembe ndogo sana. Koni nyingi za bei rahisi ni sponji au pamba yenye matundu unayoyaona ukiielekeza kwenye jua. Kwenye turbo hasara ni mara mbili: ncha za mapanga ya kompresa zinalika, kisha ringi na silinda.

Jaribio ni rahisi. Baada ya safari ya vumbi, toa bomba la baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu ndani yake. Kikitoka chekundu, usijadili nguvu, rudisha boksi. Fanya hivyohivyo kwa boksi la asili, maana hata hilo linapitisha kama mpira wa pembeni wa filta haukai vizuri. Filta bandia ziko milimita moja au mbili fupi kuliko nafasi yake. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wa boksi, funga, fungua tena, tazama kama alama ya grisi imezunguka filta yote bila kukatika.

Na koni za pamba ya mafuta: ukipaka mafuta mengi, yanavutwa na kukaa kwenye waya wa MAF. Waya ukivaa mafuta na vumbi unasoma hewa pungufu, na umerudi kwenye tatizo la Fundi hata kama kipenyo ni kilekile.

#16 Koboko4x4 (Koboko)
Na sisi wa dizeli? Prado ya 1KZ-TE, turbo. Kuna faida?

#17 Spana10
Kwenye dizeli nguvu inafuata dizeli inayochomwa, hewa huwa ipo ya ziada. Kuongeza hewa bila kuongeza dizeli kunapunguza moshi na joto la ekzosi, si kuongeza nguvu ya kuhisiwa. Isipokuwa kama filta ilikuwa imeziba. Pesa ya koni nunua snokeli. Inavuta juu ya paa, vumbi la gari lililo mbele yako huko juu ni jepesi, na hewa haina joto la injini. Kwa njia za Karamoja weka na kichwa cha kuzungushia vumbi. Kaza viungo vyote kwa silikoni, kwa sababu snokeli nyingi zinavuja pale zinapoingia kwenye fenda, na ukivuka mto ndipo utajua.

#18 Dada_Oktani
Hapo kwenye maji Spana amegusa jambo ambalo wauzaji wa inteki ndefu hawalisemi. Ile ya kweli, yenye koni chini nyuma ya bampa, ndiyo ya baridi kuliko zote na ndiyo ya hatari kuliko zote hapa mjini. Mvua ikinyesha Bwaise au pale Clock Tower maji yanafika kwenye bampa. Koni ikizama, turbo linavuta maji badala ya hewa. Maji hayabanwi. Konrodi inapinda, injini inazima na kishindo. Ukishaona hivyo usijaribu kuwasha tena: toa plagi zote kwanza, zungusha injini kwa mkono, maji yatoke.

#19 KijanaWaNtinda
Asanteni sana. Nauliza tena la mwanzo kwa namna nyingine: nitajuaje kama boksi langu linabana kiasi cha kufaa kubadilishwa?

#20 Mzee_Kipimo
Hili halihitaji kifaa cha gharama. Nunua mita tatu za mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, kama milimita 6. Ukunje kama herufi U kwenye ubao wenye rula, kila mguu urefu wa sentimita 60 au zaidi. Tia maji yenye rangi hadi nusu. Mguu mmoja uache wazi. Mwingine uunganishe na tundu dogo kwenye bomba baada ya filta, kabla ya turbo. Miguu iwe mirefu kiasi hicho ili injini isije ikayanywa maji yako.

Mtu wa pili akae na ubao, dereva akanyage mafuta hadi mwisho gia ya pili hadi mizunguko 6,000, barabara ikiwa tupu na ndani ya kikomo cha mwendo. Soma tofauti ya urefu wa maji kati ya miguu miwili. Kila sentimita 10 ni kilopaskali moja, karibu kabisa.

Kisha hamisha mpira: kabla ya filta, ndani ya nusu ya chini ya boksi. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo kizuizi cha filta peke yake. Kinachobaki ni cha pua na fenda. Watu wanabadilisha filta wakati kinachobana ni pua.

#21 Pwani_Boxer
Hiki kipimo ni kizuri. Ila mwenye daino, ile mashine ya kupima farasi, si angekipata moja kwa moja?

#22 Mzee_Kipimo
Daino inadanganya mara mbili hapa. Boneti inafunguliwa na feni kubwa inapuliza mbele, kwa hiyo koni ya ndani ya boneti inapimwa ikiwa kwenye hewa ambayo barabarani haitaipata kamwe. Halafu programu inazidisha matokeo ili kuyaleta kwenye hali ya usawa wa bahari. Masahihisho hayo yalitengenezwa kwa injini zisizo na turbo. Gari la turbo linajifidia lenyewe sehemu kubwa ya mwinuko, kwa hiyo ukilizidisha tena unapata farasi wa karatasi. Omba grafu isiyosahihishwa, boneti ikiwa imefungwa.

#23 FundiWaNdeeba
Na kwa wale wanaohofia bomba la aluminiamu kupata moto, wanaolifunga kwa kitambaa cha rangi ya dhahabu cha kuzuia joto, hiyo ina faida kweli. Chuma kinashika joto, plastiki haishiki.

#24 Mzee_Kipimo
Hapo sikubaliani nawe, Fundi. Injini ikivuta gramu 150 kwa sekunde, hewa inapita kwenye bomba la milimita 70 kwa mita 38 kwa sekunde. Bomba la sentimita 70 inalivuka ndani ya sehemu mbili za mia za sekunde. Haina muda wa kupata moto. Gari likisimama, hewa ni gramu 4, kasi ni mita moja kwa sekunde, hapo inapata joto, lakini hapo hakuna anayetafuta nguvu.

#25 Dada_Oktani
Lakini sensa ya joto la hewa kwenye gari hili iko ndani ya MAF, na mwili wa sensa unapata joto la bomba. Ukitoka kwenye jamu na kukanyaga, hewa imeshapoa lakini sensa bado inasema nyuzi 60, na kompyuta inarudisha taimingi nyuma kwa kumwamini shahidi aliyechelewa. Kwa sekunde kadhaa gari ni zito. Kwa hiyo Fundi ana haki kwenye matokeo, hata kama hesabu ya Mzee ni sahihi kwa hewa yenyewe.

#26 Mzee_Kipimo
Sekunde kadhaa hizo nazikubali zikionekana kwenye rekodi. Nani anayo?

#27 KijanaWaNtinda
Vipimo vya maji nimevipata. Baada ya filta sentimita 24. Kabla ya filta sentimita 17. Na Fundi, pua juu ya rediata ipo, ila ndani ya fenda kuna boksi jingine la plastiki ambalo sikulijua. IAM ni 12 kati ya 16.

#28 FundiWaNdeeba
Hilo la fenda ni la kupunguza mlio, linaitwa resoneta. Kwa kulitoa: gurudumu la kulia mbele, pini za plastiki za kifuniko cha ndani ya fenda, kisha bolti za spana namba 10. Ukilitoa hakikisha mdomo wa boksi unaobaki haunyonyi ndani ya boneti, na usiache tundu linalotazama gurudumu, tope litaingia. Filta inakula sentimita 7 tu, iache.

#29 Dada_Oktani
Namba ya maana hapo ni IAM 12. Hiyo ni taimingi imeshapotea, na haitarudi kwa kutoa resoneta. Osha MAF kwanza: tenganisha waya wa betri wa hasi, toa skrubu mbili za sensa, pulizia dawa maalumu ya MAF peke yake bila kugusa waya, usitumie ya kabureta, iache ikauke robo saa. Kisha jaza petroli ya oktani ya juu kuliko unayotumia na rekodi tena. Ikipanda hadi 16, ulikuwa na tatizo la petroli. Ikibaki chini ya 16, tafuta uvujaji.

#30 JZ_Busia
Sentimita 24 ni kilopaskali 2.4. Kwa hesabu ya Mzee mwenyewe ni kizuizi halisi. Mimi bado nasema koni ndani ya boksi lililofungwa, lenye mdomo kwenye grili, ingemfaa.

#31 Spana10
Boksi lililofungwa ndilo alilonalo, JZ.

#32 KijanaWaNtinda
Uvujaji nautafuta wapi? Mpira wa kutoka boksi hadi turbo unapita chini ya manifoldi, siuoni.

#33 FundiWaNdeeba
Ndiyo huo wa kuushuku kwanza, kwenye EJ za umri huu unapasuka mahali usipopaona. Tengeneza kizibo cha kipenyo cha bomba chenye valvu ya tairi katikati, kikaze kwa klipu mahali MAF inapounganika. Jaza upepo kwa kompresa yenye rigyuleta, psi 10, usizidishe kwa sababu upepo unaingia hadi ndani ya injini kupitia mpira wa kupumua na utasukuma sili. Changanya maji na sabuni ya unga, pulizia viungo vyote: kuanzia kwenye MAF, valvu ya kurudisha, mipira miwili ya intakula, hadi mdomo wa manifoldi. Kwa chini tumia kioo kidogo cha mkono na tochi. Povu likichemka chini ya manifoldi upande wa kulia, umeupata. Kuutoa lazima manifoldi inyanyuliwe, kwa hiyo nunua na gasketi zake mbili kabla hujafungua, na ukishafungua weka mpira wa silikoni wenye kipenyo kilekile cha asili pale MAF inapokaa.